Mawe, Mulika Mwizi na Zawadi ya Binamu

Binamu yangu wa Kawangware alifikisha miaka 17 mwezi uliopita, na mimi nilikuwa na elfu tatu za kumnunulia zawadi. Ni kijana wa vitu vya stima. Ukiacha rimoti mezani, ukirudi utaikuta imefunguliwa, skrubu zimepangwa vizuri kwenye kifuniko cha mkebe. Kwa hivyo nilienda Luthuli Avenue, nikazunguka saa nzima. Spika ndogo za bluetooth, saa za mkononi zinazohesabu hatua, pawabenki, taa za kupigia selfi. Nilirudi Kibera mikono mitupu. Si kwamba vitu vilikosekana. Nilikumbuka tu zawadi tatu za nyumbani kwetu, na jinsi kila moja ilivyokufa.

Ya kwanza ni redio ya babu.

Redio ilianza kutangaza Nairobi mwaka 1928, na haikuwa yetu. Ilikuwa ya walowezi, kwa Kiingereza. Vipindi vya Waafrika vilikuja wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, familia zilipotaka kujua habari za vijana waliopelekwa vitani. Kibera yenyewe ilianza kama makao ya wanajeshi: askari Wanubi wa King's African Rifles na jamaa zao. Babu yangu alifika baadaye sana, mlinzi wa usiku aliyepanga chumba kimoja, na redio aliletewa na baba yangu kutoka kwa mshahara wake wa kwanza.

Nyumbani hakukuwa na stima. Redio ilikula mawe, yale makubwa yenye picha ya paka, yaliyotengenezwa Nakuru. Kiwanda cha Eveready kilifunguliwa huko mwaka 1967. Mawe yalikuwa ghali kwa mlinzi, kwa hivyo kulikuwa na sheria: taarifa ya habari, halafu redio inazimwa. Yakichoka, yanaanikwa juani, yanarudishwa, yanasukuma siku mbili zaidi. Baba anasema asubuhi ya Agosti 1, 1982, wanajeshi walipotangaza kwenye redio kwamba wamepindua serikali, majirani walijaa mlangoni kwa babu. Hiyo ndiyo siku pekee redio haikuzimwa, na mawe yakaisha kabla ya jioni.

Kiwanda cha Nakuru kilifungwa mwaka 2014. Redio ya babu ilikuwa imenyamaza zamani. Mtu alisahau mawe ndani, yakavuja, yakala chuma.

Zawadi ya pili ni simu ya mama.

Mwaka 2003 Nokia ilitoa 1100, simu ndogo yenye tochi kichwani. Mtaani tukaibatiza mulika mwizi, na si kwa mzaha. Ukitoka chooni usiku huko Gatwekera, tochi ni muhimu kuliko muziki. Chaji ilikaa siku kadhaa, na kibanda cha kuchajia kilikuwa karibu. Machi 2007 M-Pesa ikaanza, na simu ikawa pia kibeti. Juni 2009 serikali ikaondoa VAT ya asilimia 16 kwenye simu. Sasa hata hasla aliweza kumnunulia mama yake moja.

Kaka yangu mkubwa alifanya hivyo. Alimletea mama simu ya laini mbili, yenye spika ya kupasua masikio na antena ya kuvuta TV. Jina lake lilifanana na Nokia, ila herufi moja ilikuwa imepotea njia. Mama alitembea nayo mkononi, si mfukoni, ili watu waone.

Halafu CCK, tume ya mawasiliano ya wakati huo, ikatangaza kwamba simu bandia zitazimwa. Ulibonyeza *#06#, ukapata namba ndefu, ukaituma kwa 1555, ukasubiri kujibiwa kama yako ni halali. Nilikuwa darasa la saba na mimi ndiye niliyemtumia mama ile meseji. Jibu lilipokuja nilimdanganya. Nilisema mtandao uko chini.

Usiku wa Septemba 30, 2012, simu karibu milioni 1.9 zilikatwa kwenye mitandao kote nchini. Ya mama ilikuwa mojawapo. Kaka alirudi pale aliponunua, akakuta kibanda kina mtu mwingine anayeuza viatu. Mama hakulalamika. Aliendelea kuichaji miezi mingi kwa sababu tochi yake ilikuwa bado inawaka.

Zawadi ya tatu ilikuwa yangu.

Nilipoitwa chuo, ukoo ulifanya harambee. Shangazi wa Kawangware, mama wa huyu binamu, alitoa pesa za chama chake. Nikanunuliwa laptopu ya mtumba, nzito kama tofali. Betri yake ilidumu dakika 20. Kwetu stima ilikuwa ya kuungwa na kijana wa mtaa, ikipotea inapotea siku tatu. Hakuna aliyefikiria bando, wala betri mpya, wala karo ya muhula wa pili. Tulinunua mashine, tukasahau chakula chake. Mwaka wa pili niliacha chuo. Laptopu niliiuza kulipa kodi ya nyumba. Shangazi hajawahi kuniuliza iko wapi. Afadhali angeuliza.

Hapo ndipo nilipokuwa nimekwama Luthuli. Kila kitu kilichong'aa kilinikumbusha kwamba zawadi ya aina hii ina mdomo. Hata mwaka 2020, mpango wa Lipa Mdogo Mdogo ulipowaletea watu simu za 4G kwa deposti na mbao kwa siku, hesabu ilikuwa wazi: usipolipa, simu inajifunga. Angalau huo ulisema bei ya chakula mapema. Zawadi nyingi hazisemi. Mtoaji anapiga picha, anaenda nyumbani, na mpokeaji anabaki na chaji, bando na fundi.

Kwa hivyo nilimuuliza fundi. Ana kibanda karibu na stage ya 46, meza moja na glasi ya kukuzia macho. Nilimweleza binamu ni mtu wa aina gani. Hakuinua kichwa. "Huyo usimpe simu," alisema. "Simu za watu wengine zitamfikia zenyewe. Mpe mkono wa kuzifungulia."

Nikarudi Luthuli kwa mara ya pili. Nilinunua mita ya kupimia umeme, kifaa cha kulehemu waya, risasi kidogo na seti ya bisibisi ndogo. Jumla elfu mbili na mia moja. Mia tisa nikaziweka kando, kwa sababu sasa najua zawadi haimaliziki siku ya kuitoa.

Jumapili nilipanda matatu hadi Dagoretti Corner, nikatembea na Naivasha Road mpaka kwa shangazi. Niliogopa kuingia na kifurushi mkononi. Ndani yake nilikuwa nimeweka na redio ya babu. Binamu alipitia vifaa haraka, kisha akaishika redio kwa mikono miwili, akaigeuza, akaanza kutafuta skrubu. Shangazi alinitazama kwa muda. "Chai iko jikoni," alisema. "Jimiminie."

Redio bado haijaongea. Binamu amekwangua kutu, amebadilisha waya mbili, na jana usiku alinipigia: spika imekufa, mpya ni soo mbili. Nimemtumia. Zimebaki mia saba.