Bima ya boti ya kuvulia: soma kwanza visivyolipwa

Siku hizi vijana wengi hapa Dar wanachanga hela kununua boti ya faiba, halafu wanapeleka wavuvi wa starehe huko Latham au Mafia kutafuta jodari, nguru na sulisuli. Wengine wana bima, lakini ukiwauliza inalipa nini, wanakuonyesha risiti tu. Leo nimeandika kwa ufupi bima hii inavyofanya kazi.

MANENO YALIKOTOKA
Mikataba mingi ya bima ya boti za starehe, hata nje ya Uingereza, imejengwa juu ya vifungu vilivyoandikwa London vya tarehe 1 Novemba 1985. Kwa hiyo swali la kwanza kwa wakala wako ni hili: mkataba wangu unatumia vifungu hivyo au vingine? Yanayofuata yametoka humo.

KINACHOLIPWA
Boti ikizama, ikiungua, ikigonga mwamba au ikiibiwa yote, unalipwa. Ukigonga boti ya mtu, bima inabeba fidia yake mpaka kiwango kilichoandikwa. Madai mengi yana sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe. Ikiwa sehemu hiyo ni sh. 300,000 na matengenezo ni sh. 1,000,000, utapata sh. 700,000.

MASHINE
Hapa ndipo watu wanapolia. Mashine ya kupachika ikiibiwa kwenye boti, inalipwa ikiwa tu ilikuwa imefungwa kwa kifaa cha kuzuia wizi, mbali na zile skrubu zake za kawaida. Ikichomoka yenyewe ikatumbukia baharini, hailipwi. Ikiibiwa stoo, lazima ionekane mwizi alivunja kuingia. Jamaa yangu mmoja wa Kunduchi aliibiwa mashine usiku, na ada alikuwa amelipa yote. Kampuni (jina naliweka kapuni) ilimuuliza kitu kimoja tu: kufuli lilikuwa wapi? Basi, dai likafia hapo. Kufuli na mnyororo ni bei ndogo sana ukilinganisha na mashine.

VIFAA VYA KUVULIA
Ndiyo, umesoma sawa: bima ya boti haihesabu zana za uvuvi, wala mali binafsi kama simu na kamera. Fimbo, rili na hema ziombee bima ya peke yake, ile ya hatari zote. Na usidanganye bei ili ada ipungue. Tuseme vifaa vina thamani ya sh. 4,000,000, wewe ukaandikisha sh. 2,000,000. Rili ya sh. 1,000,000 ikiibiwa, kampuni inaweza kukulipa nusu tu, yaani sh. 500,000, kwa sababu uliikatia bima nusu ya mali.

KUBEBA WATEJA
Vifungu hivyo vinasema boti ni ya starehe binafsi, si ya kukodisha, mpaka mkubaliane vingine. Ukibeba wateja wa kulipa bila kusema, siku ya ajali kampuni ina sababu ya kukukatalia. Pia mwambie wakala kama boti imeundwa kukimbia zaidi ya noti 17, maana boti za mwendo huo zina masharti yake.

NA WEWE KIJANA WA UDEKI?
Hili ndilo lililonifanya niandike. Bima ya boti haimlipi mwajiriwa wa mwenye boti akiumia kazini. Ukikatwa kidole na kamba, ule mkataba haukuhusu. Kwa Tanzania Bara kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), uliotokana na sheria ya mwaka 2008, na mwajiri ndiye anayeuchangia. Kwa hiyo kabla hujapanda boti, muulize bosi: umesajiliwa WCF? Ukiuliza siku umelazwa hospitali, utakuwa umechelewa ndugu yangu.

UKIZUNGUSHWA
Toa taarifa mapema, polisi na kwenye kampuni. Tunza picha, namba ya mashine na risiti ya manunuzi, na nakala jitumie kwenye barua pepe, maana boti ikizama na makaratasi yanazama. Wasimamizi wa kampuni za bima ni TIRA, chini ya Sheria ya Bima ya 2009. Pia kuna ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Kampuni ikikukatalia, dai barua inayotaja kifungu walichotumia, ndiyo uende nayo huko.

Kwa kifupi: ukipewa mkataba, ruka kurasa za mwanzo, nenda moja kwa moja kwenye orodha ya visivyolipwa. Ukiwa hujaelewa neno, usisaini.

Wenye boti na mabaharia, tupeni uzoefu wenu hapo chini. Nawasilisha.