Baruti ya Bei Rahisi: Silaha Kuukuu na Ulinzi wa Boma katika Nchi ya Katavi

Katika nusu ya pili ya karne ya 19 majeshi ya Ulaya yalibadili silaha zao mara mbili. Kwanza yaliacha bunduki za kushindiliwa kwa mdomo, yakachukua zile za kupakiwa kwa nyuma. Kisha, Ufaransa ilipotoa bunduki ya Lebel mwaka 1886, yakaanza kuiacha baruti nyeusi yenyewe. Kila badiliko liliacha maghala yamejaa vitu visivyotakiwa tena, navyo viliuzwa kwa bei ya kutupa. Sehemu ya shehena hizo ilifika Unguja, ikavuka Bagamoyo na kupanda hadi Tabora, na kutoka huko ikaenea Ukonongo, Upimbwe na Ubende, nchi ambazo leo zimo katika Mkoa wa Katavi wenye makao yake makuu Mpanda. Mwaka 1888 Euan-Smith, balozi wa Uingereza huko Unguja, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 ziliingia Afrika ya Mashariki kila mwaka.

Wingi huo umewafanya wengi wadhani kwamba aliyekuwa na bunduki nyingi ndiye aliyekuwa salama. Lakini kwa mlinzi aliyesimama nyuma ya boma, swali halikuwa ana bunduki ngapi. Lilikuwa ni ngapi kati ya hizo zitalia.

Msamiati wa Kiswahili umelihifadhi swali hilo. Risasi ni neno la Kiarabu lenye maana ya madini yale yale, na baruti nayo ina asili hiyo hiyo. Ila maneno yanayofundisha zaidi ni yale yanayotaja mahali bunduki inapoweza kushindwa. Gumegume ni bunduki ya jiwe la kupigia cheche: jiwe likichakaa, cheche haitoki. Kifa ni kibakuli au chuchu ya kupokelea moto: kikiziba kwa masizi, moto hauingii ndani. Fataki ni kikofia kidogo cha kuwashia: ikilowa, haiwaki. Mdeki ni ufito wa kushindilia: baruti isiposhindiliwa vema, risasi hutoka bila nguvu. Kuyajua maneno haya kulikuwa ni kujua vyanzo vya hatari.

Chanzo kikubwa kilikuwa unyevu. Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura, makaa na kiberiti, na katika mchanganyiko wa kawaida shura ni takriban asilimia 75. Pipa likilowa, shura huyeyuka na kujitenga. Baruti hiyo ikianikwa juani hurudi kuwa kavu machoni na mkononi, lakini uwiano wake umekwisha kuharibika. Kwa hiyo macho hayakutosha kuipima, wala sifa za muuzaji. Kipimo kilikuwa moto: chembe chache zikiwashwa, baruti njema huungua mara moja na kuacha mabaki haba, iliyoharibika husuasua na kuacha madonge. Hata hivyo, konzi moja haishuhudii pipa zima.

Ndiyo maana rugaruga hawakutupa mikuki na pinde zao walipopata bunduki, wala vijiji havikubomoa maboma. Hata silaha za wageni hazikuwa kinga kamili. Mwezi wa Juni 1880 majeshi ya Mirambo na ya Simba wa Ukonongo yaliishambulia Mpimbwe, na Waingereza wawili waliokuwamo, Carter na Cadenhead, wakauawa, ingawa msafara wao ulikuwa na bunduki.

Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 uliifanya tofauti ya ubora kuwa sheria. Bunduki zenye mifuo na risasi zake zilizuiwa, lakini gumegume na baruti ya kawaida ziliweza kuendelea kuuzwa chini ya usimamizi. Mwafrika aliachiwa kile ambacho Ulaya haikukitegemea tena.

Zamu ya kutegemea baruti yenye mashaka iliwafikia watawala wenyewe. Mwezi wa Aprili 1915 meli ya Kijerumani Rubens ilishambuliwa na kuzama katika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Risasi zilizoopolewa zilikuwa zimelowa maji ya bahari. Ikabidi zifunguliwe, baruti ikaushwe na baadhi ya fataki zibadilishwe, na bado nyingi ziligoma kulia. Jeshi lenye mafundi na karakana lilijikuta likiuliza swali lile lile la mlinzi wa Mpimbwe.

Neno gobore lingali hai Katavi, kwa bunduki za kushindilia zinazotengenezwa na mafundi wa vijijini. Anayechunguza historia ya silaha hana budi, basi, kuhesabu pamoja na mapipa na bunduki milio iliyokosekana, kwani mara nyingi uhai wa kijiji ulitegemea maandalizi yaliyofanywa kwa ajili ya mlio huo.