Mipira ya tenisi: Kitengela na Kajiado, mwinuko una uzito kuliko chapa

MZAZI anayenunua mkebe wa mipira ya tenisi jijini Nairobi na kuupeleka Kitengela au Kajiado mjini kwa kawaida hutazama vitu viwili: jina la kampuni na bei. Jina likiwa kubwa, huamini amepata mpira bora na wa kudumu. Wiki mbili baadaye mtoto analalamika kwamba mpira unaruka kupita kiasi na kutoka nje ya uwanja. Wiki mbili nyingine, mpira ule ule umelegea kama chungwa bovu. Lawama humwendea mwenye duka, au kampuni, au mtoto mwenyewe.

Mara nyingi hakuna hata mmoja kati yao aliyekosa. Mpira ulitengenezwa kwa ajili ya mahali pengine.

Kitengela iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kajiado mjini, kilomita 80 hivi kusini mwa Nairobi kwenye barabara ya Namanga, iko karibu mita 1,700, nao mji wa Ngong umepita mita 1,900. Sheria za Shirikisho la Kimataifa la Tenisi (ITF) zinaweka mpaka katika mita 1,219. Uwanja ulio juu ya hapo unahesabiwa kuwa wa nyanda za juu, na mipira yake imetajwa peke yake katika kiambatisho cha sheria hizo. Hivyo sehemu kubwa ya wachezaji wa Kajiado, kama wenzao wa Nairobi, Nakuru na Eldoret, wanacheza juu ya mpaka huo pengine bila kujua kuwa upo.

Sababu ya mpaka huo ni hewa. Mpira wa kawaida wa tenisi ni ganda la raba la vipande viwili vilivyounganishwa kwa gundi, na ndani yake hushindiliwa hewa hadi kukaribia maradufu ya kani ya hewa ya pwani. Juu yake hubandikwa kitambaa cha manyoya ya sufu na nailoni. Hewa ya ndani husukuma kwenda nje, na ile ya nje huisukuma irudi ndani. Mdundo wa mpira hutokana na tofauti ya nguvu hizo mbili. Huko Kitengela hewa ya nje ni pungufu kwa asilimia 17 hivi ikilinganishwa na Mombasa. Mkebe ukifunguliwa tu, tofauti ile inaongezeka na mpira unakuwa mgumu kuliko alivyokusudia mtengenezaji. Aidha, hewa nyepesi haiuzuii mpira sana unapokuwa angani. Ndipo mpira unapodunda juu, ukaenda kasi na kuangukia nje ya mstari hata pale mchezaji alipoupiga sawasawa.

Hasara ya pili huchelewa kuonekana. Raba si chupa. Hewa hupenya ndani yake polepole hata mpira ukiwa umelala kabatini, na kadiri tofauti ya ndani na nje inavyokuwa kubwa ndivyo inavyopenya upesi. Mpira ulioanza kwa kuruka mno ndio huo huo unaowahi kufa.

KIPIMO CHA MDUNDO

ITF hupima mdundo kwa kuuangusha mpira kutoka sentimita 254 juu ya sakafu ngumu. Mpira wa kawaida unatakiwa urudi kati ya sentimita 135 na 147. Ule wa nyanda za juu, ukipimwa katika mazingira ya maabara yale yale, unatakiwa urudi kati ya sentimita 122 na 135. Uzito haubadiliki, ni gramu 56.0 hadi 59.4. Kwa maneno mengine, mpira unaofaa Kajiado ni ule ambao mtu wa pwani angeuona mzembe.

Kampuni kadhaa kubwa huutengeneza. Wilson na Penn, kwa mfano, zina matoleo ya mipira yao maarufu yenye maneno ya Kiingereza "High Altitude" kwenye mkebe. Ni maneno madogo, na mnunuzi mwenye haraka huyapita. Lakini kwa mkazi wa Kitengela yana thamani kuliko jina kubwa lililoandikwa juu yake, na muuzaji anayeulizwa kuyahusu mara kwa mara huenda akaanza kuagiza mikebe ya namna hiyo.

Sheria zinaruhusu pia njia ya pili: mpira usioshindiliwa hewa. Huu hudunda kwa unene na ugumu wa raba yenyewe. Kwa mashindano ya nyanda za juu, ITF inataka mipira hii iwe imekaa siku 60 au zaidi katika mwinuko wa mahali itakapochezewa, ili hewa ya ndani ilingane na ya nje. Kanuni hiyo ina manufaa hata kwa shule isiyo na habari na mashindano: mipira ya aina hii ikinunuliwa mwanzoni mwa muhula na kuwekwa Kitengela bila kufungiwa, baada ya siku 60 itakuwa imezoea hewa ya hapo.

CHAPA NA SIFA ZAKE

Ulinganisho wa chapa haukosi maana, ila huja baada ya hayo. Sifa nyingi za chapa kubwa zimetokana na mashindano makuu. Slazenger imekuwa Wimbledon tangu 1902. Wilson imetumika katika US Open kwa zaidi ya miaka 40, na mwaka wa 2020 ikachukua nafasi ya Babolat jijini Paris. Dunlop ilichukua Australian Open mwaka wa 2019. Ni sifa za kweli. Lakini London, New York, Paris na Melbourne zote ni miji ya nyanda za chini. Madrid, iliyo karibu mita 650 tu, inajulikana miongoni mwa wachezaji wa kulipwa kama mahali ambapo mpira huruka kuliko kawaida; Kitengela imeipita Madrid zaidi ya mara mbili. Tena katika mashindano hayo makuu mipira huondolewa baada ya gemu saba za kwanza, kisha kila baada ya gemu tisa. Mpira wa Wimbledon haujawahi kuombwa udumu mwezi mzima.

Kati ya mipira iliyoshindiliwa hewa, tofauti inayoonekana wazi kwa mchezaji wa kawaida iko kwenye manyoya. Kampuni nyingi hutoa aina mbili: yenye manyoya mazito kwa viwanja vigumu, na yenye manyoya mepesi kwa viwanja vya udongo. Saruji na lami hukwangua kama msasa, hivyo mpira wa manyoya mepesi huko hubaki na upara katika siku chache. Katika udongo mwekundu, kama ule wa Nairobi Club, mambo hugeuka: manyoya mazito hufutuka, hukamata vumbi na kuufanya mpira kuwa mzito. Dunlop Fort ina jina la muda mrefu kwa manyoya yanayostahimili. Wilson US Open na Penn Championship za manyoya mazito hupendwa kwa uchangamfu zikiwa mpya. Hata hivyo, anayebadilisha Penn kwa Wilson huku akiendelea kutumia manyoya yasiyofaa uwanja wake hatapata nafuu yoyote. Wala majina hayako mbalimbali kama yanavyoonekana dukani, kwani Penn ni mali ya Head.

Kati ya mipira isiyoshindiliwa hewa, Tretorn, yenye asili ya Uswidi, ndiyo iliyojijengea jina. Aina yake ya Micro X hujazwa chembe ndogo ndogo zenye hewa ndani ya ganda. Mipira ya namna hii hudumu miezi mingi. Manyoya yake huisha kabla ya mdundo, kinyume cha mingine. Ila ina kasoro isiyotajwa mara nyingi: ni migumu na mizito mkononi, na mchezaji mwenye kiwiko kinachouma ataitambua kabla ya gemu ya tatu. Kwa kikapu cha mazoezi cha shule ni mali. Kwa mtu mzima anayecheza kila jioni, mkono wake uamue.

Kuhusu bei, hesabu ya mkebe haitoshi. Tuseme mkebe wa shilingi 600 unachezeka saa sita na wa shilingi 900 unachezeka saa kumi na mbili. Wa kwanza unagharimu shilingi 100 kwa saa na wa pili 75. Kocha anayeandika kwenye daftari tarehe ya kufungua kila mkebe na tarehe ya kuutupa atajua katika muhula mmoja ni chapa ipi inayomlipa katika uwanja wake mwenyewe, jambo ambalo tangazo haliwezi kumwambia.

Kabla ya kununua, kuna mambo machache ya kukagua. Mkebe ubonyezwe: ukibonyea kwa urahisi, hewa imekwisha kutoka. Unapofunguliwa sharti utoe mlio wa hewa. Usipolia, mipira imekufa kabla ya kuzaliwa. Alama ya kuidhinishwa na ITF nayo itafutwe, kwani shirikisho hilo huchapisha kila mwaka orodha ya mipira iliyopita vipimo. Nyumbani, njia rahisi ni kuangusha mpira mpya na wa zamani kwa pamoja kutoka usawa wa bega. Wa zamani ukirudi chini sana kuliko mwenzake, upelekwe kwenye mazoezi ya kudaka.

Uhifadhi nao huongeza au kupunguza siku. Mkebe ulioachwa katika buti la gari juani kutwa hupoteza hewa upesi. Wakati wa kiangazi vumbi la Kitengela huingia kwenye manyoya na kuyasaga, na mvua za Machi hadi Mei huyalowesha na kuuongezea mpira uzito. Mpira uliolowa ukaushwe kivulini.

Watoto wa miaka kumi na chini hawahitaji mpira wowote kati ya hiyo. Tangu Januari 2012, sheria za ITF zinataka mashindano yao yachezwe kwa mipira ya polepole: nyekundu kwa wadogo kabisa, ya rangi ya chungwa kwa wanaofuata, na ya kijani kwa wanaokaribia kuingia kwenye mpira kamili. Ule wa kijani ni wa polepole kwa asilimia 25 hivi ukilinganishwa na wa kawaida. Mwinuko ulivyo Kajiado, mtoto wa miaka minane anayepewa mpira wa manjano hufundishwa kukimbia nyuma na kupiga mpira uliompita kichwani, na kuiacha tabia hiyo baadaye huchukua miaka.

Kwa kaunti nzima, hata hivyo, kanuni hii ina pengo moja. Magadi, iliyo bondeni kando ya ziwa la magadi, iko karibu mita 600 tu. Timu ya Kitengela ikiteremka huko kucheza, iache mikebe ya nyanda za juu nyumbani na kubeba ile ya kawaida.