Barafu Iliyotengeneza Nchi ya Rufiji

Wasomaji wetu walijua jina la Ngarambe kwa habari ya maji ya Kinjikitile Ngwale na vita vya mwaka 1905. Leo twataka kueleza habari ya maji mengine, ya kale zaidi, nayo ni maji yaliyoganda. Labda mtu atacheka, aseme, “Ngarambe na barafu, wapi na wapi?” Asicheke upesi. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliona weupe juu ya Kilimanjaro, na kiongozi wake akauita “baridi” tu. Alipoandika ya kuwa ni theluji, baadhi ya wenye elimu wa Uingereza hawakusadiki. Nao walikosa.

Kweli, barafu haikufika Rufiji kamwe. Lakini kazi yake ilifika.

Yapata miaka 20,000 iliyopita dunia ilikuwa na baridi kuliko sasa. Huko Kanada na kaskazini ya Ulaya theluji ilianguka mwaka juu ya mwaka pasipo kuyeyuka, hata ikawa barafu nene kupita urefu wa milima mingi. Maji yale yalitoka baharini: yalipanda kuwa mvuke, yakaanguka theluji, yasirudi. Basi bahari ikapungua kama mtungi uchotwao wala hautiwi maji, hata ikashuka yapata meta 120.

Siku zile mtu angaliweza kwenda Mafia kwa miguu, maana bahari iliyo kati haina kina kikubwa. Unguja nayo iliungana na bara. Katika pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, wataalamu wamefukua mifupa ya punda milia na nyati, wanyama ambao hawakuvuka kwa jahazi. Pemba ilibaki kisiwa, kwa sababu mkondo wake una kina kirefu mno.

Kisha dunia ikapata joto, barafu ikayeyuka, bahari ikarudi na kufunika nchi ile kavu. Yapata miaka 7,000 iliyopita mwendo wake ulitulia. Ndipo Mto Rufiji ukaanza kutua mzigo wake mahali pamoja: kila mafuriko yakaleta tope, tope likawa visiwa, na mikoko ikalishika kwa mizizi yake. Hivyo mashamba ya mpunga ya delta yamesimama juu ya kazi ya mto na ya bahari iliyotulia.

Lakini mapatano hayo si ya milele. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilienea yapata kilometa za mraba 12. Mwaka 2011 hazikufika 2. Barafu hiyo ni kidogo, haiwezi kuinua bahari. Ila ile kubwa ya Greenland nayo yayeyuka, na bahari yapanda tena. Tena Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa Desemba 2022, lazuia sehemu ya tope la mto. Bahari ikipanda na tope likipungua, maji ya chumvi huingia mashambani.

Barafu ya mbali hatuwezi kuizuia kwa mikono yetu. Mikoko twaweza kuihifadhi. Mwenyezi Mungu alitupa nchi hii kwa kazi ya maelfu ya miaka. Tusiiharibu kwa shoka la siku moja.