Haidrojeni itokanayo na maji kama nishati ya magari
Haidrojeni ni gesi ipatikanayo kwa kutenganisha maji kwa nguvu za umeme. Gesi hiyo huweza kuendesha gari, mathalani Toyota Mirai iliyoanza kuuzwa nchini Japani mwaka wa 2014, ambayo haitoi moshi ila mvuke. Hata hivyo, kilo moja ya gesi hutumia takriban uniti 50 za umeme kuitengeneza, ilhali gari hurejeshewa zipatazo 20 pekee. Umeme uo huo ukitiwa kwenye betri, gari husafiri mbali zaidi.

Maji yenyewe si mafuta, bali ni masalio ya haidrojeni iliyokwisha kuungua. Mwaka wa 1996, mahakama ya Ohio, Marekani, iliamua kuwa Stanley Meyer, aliyedai kuvumbua gari linalotumia maji, aliwalaghai wawekezaji, ikamwamuru awarudishie pesa zao.