Kuchakaa

Huku Mushasha, Gitega, Jumamosi jioni pasi za makaa hupita juu ya blauzi nyeupe za nailoni zitakazovaliwa kesho kanisani. Miaka ikipita, blauzi huwa ya manjano na hukatika kwenye mikunjo. Wengine husema imeungua, wengine imeoza. Mimi nasema imechakaa, na neno hili nalitetea kwa moyo wote.

Kuoza ni kazi ya vijidudu; kuungua kunataka moto. Kuchakaa ni kuisha polepole, na ndivyo nailoni inavyokwisha: kwa msaada wa joto, oksijeni ya hewani huishambulia kaboni iliyo jirani na naitrojeni, na minyororo mirefu ya molekuli hukatika. Wanakemia huufuatilia uharibifu huo kwa mionzi ya infraredi. Nailoni nzima hufyonza sana mionzi yenye mawimbi kama 1640 katika sentimita moja. Ikichakaa, kilele kipya huchomoza karibu na 1735.

Siku hizi “chakavu” tunalisikia zaidi kwenye vyuma. Blauzi nayo inalistahili, na nyavu za nailoni kule Ziwa Tanganyika pia.