Mazishi ya Mkristo Aliye Mbali na Kwao

Reli ilipofika Nakuru mwaka 1900, watu wengi walikuja kutafuta kazi stesheni, mjini na katika mashamba ya walowezi. Hadi mwaka 1960 Mwafrika alizuiwa kumiliki shamba katika Nyanda za Juu za Wazungu. Hivyo mtu aliweza kulima huko miaka thelathini, na siku ya kufa asiwe na ardhi yake ya kuzikwa. Wafiwa walijiuliza: azikwe hapa, au asafirishwe kwao? Ndipo vyama kama hiki chetu vikachanga fedha za jeneza na nauli.

Zamani hizo Misa ya wafu katika Kanisa Katoliki ilisomwa kwa Kilatini, padre akivaa mavazi meusi. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliagiza kwamba ibada ya mazishi ionyeshe wazi zaidi tumaini la ufufuko, na utaratibu mpya ukatolewa mwaka 1969. Una vituo vitatu: nyumbani, kanisani na kaburini. Padre au shemasi asipopatikana, mlei aliyeruhusiwa aweza kuongoza sala. Kwa mashamba yaliyo mbali na parokia, jambo hilo si dogo, maana maiti haingoji.

Jimbo la Nakuru liliundwa mwaka 1968, na Askofu Raphael Ndingi akaja kuliongoza mwaka 1971. Mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki, katika mkutano wao Nairobi, walikazia jumuiya ndogondogo za Kikristo. Leo majirani wa jumuiya ndio wapelekao habari ya kifo parokiani, nao ndio wamwambiao padre kwamba marehemu walimjua.

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yampa kila mwamini haki ya kuzikwa kwa ibada ya Kanisa, hata mkatekumeni ambaye hajabatizwa. Lakini haki ya marehemu yahitaji mtu wa kuisemea. Asiyejulikana na jumuiya yake huwaachia wafiwa kazi ya kutafuta cheti cha ubatizo katikati ya machozi.

Basi, ndugu wanachama, kila mmoja na aandikishe kwa katibu parokia yake, mahali alipobatizwa, na mahali atakapo kuzikwa. Mchango wetu utanunua jeneza, lakini maswali hayo hujibiwa na aliye hai.